MAMBO YA ULINZI: Egemeo la Bunduki na Subira ya Askari

Masimba ni mji mdogo wa Masaba Kusini, katika kaunti ya Kisii. Mtu atokaye nchi za tambarare akifika huko kwa mara ya kwanza hustaajabu kuona jinsi ardhi isivyotulia. Njia hupanda, hushuka, kisha hupanda tena. Shamba la chai liko mtelemkoni, chini yake ni migomba, chini ya migomba ni mahindi, na bondeni kabisa ni kijito na safu ya mikalitusi. Nyumba nazo hazikukusanyika mahali pamoja, bali kila boma limo katika shamba lake, na shamba la huyu linapoishia ndipo la jirani linapoanza. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika kaunti ya Kisii kila kilomita moja ya mraba inakaliwa na watu zaidi ya 900. Basi mtu akinyosha kidole upande wo wote, hakosi kuelekeza nyumba ya mtu mwingine. Bunduki nayo ni kidole kirefu sana.

Msomaji na achukue mfano, ambao si habari ya boma lo lote lijulikanalo, bali ni jambo liwezalo kutokea. Mwizi mwenye bunduki amefukuzwa usiku, naye amejificha katika jiko la mzee mmoja upande wa chini wa shamba. Katika nyumba kubwa, hatua ishirini kutoka jikoni, wamo mama na watoto watatu wasioweza kutoka. Alfajiri, ukungu ungali umelala bondeni, koplo na askari wanne wanafika. Mmoja wao ni hodari wa kupiga shabaha, naye anaambiwa atafute mahali pa kuulinda mlango wa jiko. Je, atakaa wapi, na atakaaje?

Askari aliyehitimu katika chuo cha polisi cha Kiganjo, karibu na Nyeri, amekwisha kupiga shabaha kiwanjani. Kiwanja ni mahali palipotengenezwa: ardhi imesawazishwa, umbali umepimwa, na nyuma ya karatasi za shabaha pana tuta kubwa la udongo la kuzimeza risasi. Lakini pale Masimba hapana ardhi sawa, hapana mita zilizoandikwa ubaoni, wala hapana tuta ila lile atakalolichagua mwenyewe. Askari hana budi kukitengeneza kiwanja chake kwa dakika chache, kwa vitu alivyovikuta: kichuguu, gogo, nguzo ya ua, mti, ukuta, au mtelemko wenyewe. Elimu hiyo ya kutafuta egemeo ndiyo ielezwayo leo.

MKONO PEKE YAKE HAUTOSHI

Watu wengi hudhani kwamba shabaha ni kazi ya jicho. Jicho lina sehemu yake, lakini sehemu kubwa ni ya mwili na ya ardhi. Bunduki ya G3, ambayo polisi wa Kenya wameitumia kwa miaka mingi, ina uzito wa zaidi ya kilo 4. Alama yake ya kulengea iliyo nyuma na ile iliyo mbele zimeachana kadiri ya sentimita 57. Alama hizo zikipishana kwa milimita 1 tu, yaani nafasi ambayo jicho huidharau, basi kwenye mita 100 risasi itakwenda upande kwa kadiri ya sentimita 17. Aliyelenga katikati ya kifua atapiga mkono, au hatapiga kitu. Na risasi isiyompata aliyekusudiwa haipotei. Huendelea na safari yake mpaka ipate kitu kingine.

Hakuna binadamu awezaye kuifanya mikono yake kuwa jiwe. Moyo hupiga, mapafu hujaa na kupungua, na msuli huchoka. Askari aliyesimama wima bila egemeo, akiwa amekwisha kupanda kilima kwa mbio, atatetemeka kabla ya dakika moja kupita. Lakini mfupa hauchoki upesi kama msuli, na ardhi haichoki kabisa. Shina la elimu hii ni hapo: uzito wa bunduki uondolewe katika msuli, upitie katika mfupa, ukatue ardhini.

Waalimu wa shabaha wa jeshi la Uingereza wamefundisha kwa muda mrefu kanuni nne. Ya kwanza, mkao na mshiko uwe imara wa kutosha kuichukua bunduki. Ya pili, bunduki iielekee shabaha yenyewe, bila kulazimishwa. Ya tatu, alama za kulengea ziwe zimepangana sawasawa. Ya nne, risasi itolewe pasipo kuutikisa mkao, na askari asiinuke mpaka risasi imekwisha kufika. Ya pili ndiyo isahauliwayo kuliko zote. Katika mazoezi, askari hulenga, hufumba macho, huvuta pumzi na kuitoa mara mbili, kisha hufumbua. Akikuta alama zimehama, asizivute kwa nguvu za mikono, maana kinachovutwa kwa nguvu hurudi kwake wakati wa kufyatua. Na ausogeze mwili wote, yaani goti au kiuno au mguu, mpaka bunduki ielekee shabaha yenyewe.

MAEGEMEO YA MASHAMBANI

Kulala kifudifudi ndiyo njia iliyo imara kuliko zote, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili hugusa ardhi. Lakini katika nchi ya Kisii mara nyingi haifai. Michai hukatwa ili isimame kadiri ya kiuno cha mchumaji, na aliyelala nyuma yake haoni kitu ila majani. Mahindi nayo ni marefu kuliko mtu. Tena aliyelala kwenye mtelemko, kichwa kikiwa chini na miguu juu, hujaa damu usoni na kuchoka upesi.

Kuketi ndiko rafiki wa mtu wa vilimani. Askari huketi akiukabili upande wa chini, visigino vimechimbia udongo, na viwiko vimewekwa upande wa ndani wa magoti. Neno la kuangalia ni hili: ncha ya kiwiko isiwekwe juu ya mfupa wa goti, kwa sababu mfupa juu ya mfupa huteleza kama jiwe juu ya jiwe. Nyama ya mkono iliyo juu ya kiwiko ndiyo ilazwe kwenye goti. Akipata mti au ukingo wa kuegemeza mgongo, atakaa hapo saa nzima pasipo kuona taabu.

Kupiga goti hufaa penye ukuta mfupi au kichuguu. Kichuguu ni kitu kizuri, kwa maana ni kigumu, hakitikisiki, na kina kimo cha namna namna. Lakini bunduki isilazwe juu yake tupu. Mkono, au koti la mvua lililokunjwa, au mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa mchanga mkavu, uwekwe katikati, ili bunduki isiruke inapolia. Mfuko mwingine kama huo, au ngumi ya mkono wa kushoto, huwekwa chini ya kitako. Ukibanwa kidogo, kitako huinuka, ukilegezwa, hushuka. Kwa njia hiyo askari hurekebisha shabaha kwa vidole badala ya kupigana na bunduki yake.

Kusimama ni kwa wakati ambao hapana njia nyingine, na hata hapo hapana sababu ya kusimama bila mti. Kiganja cha mkono wa kushoto hubandikwa kwenye shina la mkalitusi, kidole gumba hutokezwa kando, na bunduki hulala juu ya gumba hilo. Mguu wa nyuma husukuma mwili mbele kidogo, ili mti uuchukue uzito. Mgomba haufai kwa kazi hii. Shina lake ni laini, huyumba mtu akiliegemea, nalo halizuii risasi.

MAKOSA YANAYOPATIKANA MARA NYINGI

Kosa la kwanza ni kuegemeza mtutu. Mtutu hutetema risasi inapopita ndani yake, na ukigusa kitu kigumu husukumwa upande, hata risasi isiende palipolengwa. Kiegemezwe kikono cha mbele, na mtutu uachwe huru hewani.

Kosa la pili huwapata wenye darubini. Darubini hukaa juu ya mtutu kwa sentimita 5 au zaidi. Askari aliyejificha nyuma ya gogo huinua darubini mpaka aione shabaha waziwazi, asijue kwamba mdomo wa bunduki, ulio chini ya darubini, ungali unalielekea gogo lenyewe. Jicho limevuka, risasi haitavuka. Kwa hiyo kabla ya kutia kidole kwenye kifyatulio hana budi kutazama kwa upande, ahakikishe kwamba njia ya mtutu ni nyeupe.

Kosa la tatu ni kuchanganya maficho na kinga. Maficho ni kitu kinachozuia macho. Kinga ni kitu kinachozuia risasi. Mahindi, majani ya migomba na ua wa miti ni maficho tu. Bati halizuii risasi ya bunduki kubwa hata kidogo, na ukuta mwembamba wa udongo si wa kutegemewa. Jambo hili lina pande mbili: askari akumbuke kwamba mabati hayatamlinda yeye, na akumbuke zaidi kwamba hayatamlinda mtoto aliyelala nyuma yake.

NYUMA YA SHABAHA KUNA NINI?

Risasi ya G3 hutoka mdomoni kwa mwendo wa kadiri ya mita 800 kwa nukta moja, nayo yaweza kuruka zaidi ya kilomita 3 kabla ya kuanguka. Katika kilomita 3 za nchi ya Kisii kuna maboma mengi, shule, kanisa, na labda soko.

Ndiyo sababu askari wa vilimani hujifunza kuusoma mtelemko kama karani asomavyo barua. Anayepiga kutoka juu kwenda chini ana ardhi nyuma ya shabaha, na ardhi hiyo humeza risasi, isipokuwa kama ni mwamba wa kuirudisha. Anayepiga kutoka chini kwenda juu, shabaha ikiwa imesimama kwenye ukingo wa kilima, hana kitu nyuma yake ila mawingu, na baada ya mawingu kuna watu wa upande wa pili. Hesabu ya kuinuka na kushuka kwa risasi katika mtelemko ni ndogo kwa umbali wa kazi ya polisi. Katika mtelemko wa nyuzi 30, mita 100 huhesabiwa kama mita 87, na tofauti hiyo haiwezi kumtia askari hasara kubwa. Hasara kubwa ni kutojua kilichopo nyuma.

Vilima hivi vimewahi kupigiwa bunduki. Mnamo Septemba 1914, mwanzoni mwa vita kuu ya kwanza, jeshi la Wajerumani liliingia mji wa Kisii, na askari wa KAR wakaja kupigana nalo kwenye miteremko iliyouzunguka mji. Lakini vita ni jambo jingine. Askari wa vita anaweza kupiga risasi nyingi ili adui ainamishe kichwa. Polisi hana adui. Ana mtuhumiwa, ana mateka, na ana majirani, na wote ni watu wa nchi yake. Kila risasi yake ina jina lake.

Mifano ya majonzi haikukosekana nchini. Mwezi Machi 2020, wakati wa amri ya kutotoka nje usiku, mtoto wa miaka 13 aliuawa Nairobi kwa risasi iliyompata akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Mwezi Septemba 2013, katika shambulio la jumba la maduka la Westgate, ambamo watu 67 waliuawa, ofisa wa kikosi cha polisi alipigwa risasi na wanajeshi waliokuja kusaidia, kwa kutotambuana. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sheria nayo imelisema jambo hili wazi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali lake la Sita, yaagiza kwamba polisi ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Bunduki ni kwa wakati ambapo njia nyingine hazitoshi, na sababu iliyo kuu ni kuokoa uhai. Askari ajitambulishe na kutoa onyo, isipokuwa kama kufanya hivyo kutahatarisha maisha. Akiitumia bunduki, amwarifu mkubwa wake mara moja. Na mtu akifa au akiumia vibaya, habari ipelekwe kwa mamlaka huru inayosimamia polisi, yaani IPOA.

Hapo ndipo faida kuu ya egemeo inapoonekana. Wengi hudhani kwamba egemeo hutafutwa ili risasi ipige. Ni kweli, lakini si kweli yote. Egemeo hutafutwa ili askari aweze kungoja. Yule ambaye mikono yake inatetemeka huona kwamba nafasi inamponyoka, naye hufyatua kwa hofu ya kuikosa. Yule aliyetulia, ambaye bunduki yake inachukuliwa na ardhi, ana muda wa kutazama: Je, hicho mkononi ni bunduki au ni kijiti cha moto? Je, huyo atokaye ni mwizi au ni mwenye nyumba? Kutulia kwa mwili huzaa kutulia kwa akili.

NAMNA YA KUJIZOEZA

Mazoezi mengi ya kazi hii hayahitaji risasi hata moja. Bunduki hufunguliwa na kukaguliwa na watu wawili, risasi zote huwekwa chumba kingine, na bunduki huelekezwa kwenye tuta la udongo. Kisha askari huambiwa: una dakika moja, tafuta egemeo penye kiti hiki; sasa penye ngazi; sasa penye pipa; sasa dirishani, ukiwa ndani ya chumba juu ya meza, bila kutokeza mtutu nje. Mwenzake huweka sarafu juu ya mtutu. Kifyatulio kikivutwa na sarafu isianguke, mkao ni mzuri. Ikianguka, aanze tena.

Mazoezi ya risasi hufanywa kiwanjani tu, kamwe si mashambani. Huko nako si lazima kulala kifudifudi siku zote. Askari na akimbie hatua mia mbili, apige goti nyuma ya pipa, atoe pumzi, na katika kituo kile kifupi ambapo pumzi imetoka na nyingine haijaingia, atoe risasi moja. Kisha ahame. Risasi ya kwanza katika kila mkao ndiyo ihesabiwe, kwa kuwa kazini huenda isiwepo ya pili.

Na awe na daftari. Kila siku aandike tarehe, mkao, egemeo, umbali na mahali risasi ilipotua, pamoja na zile zilizokosa. Daftari lisiloandikwa makosa ni kama hesabu ya duka isiyoandikwa madeni. Baada ya miezi michache litamwambia ukweli: kwa kuketi anaweza mita 100, kwa kusimama na mti aishie mita 50. Askari aujuaye mpaka wake hujua pia wakati wa kumwambia koplo, “Afande, kutoka hapa sitapiga.” Neno hilo si la aibu.

WAJIBU WA MWANANCHI

Mkulima na karani nao wana sehemu yao. Polisi wakifika mahali penye hatari, msaada mkubwa kuliko wote ni habari za kweli: ni watu wangapi wamo nyumbani, wanalala chumba gani, mlango wa nyuma uko wapi, njia ya nyuma ya jiko yaenda kwa nani. Umati usikusanyike kwenye kilima cha pili kutazama, maana watazamaji hao ndio huwa nyuma ya shabaha. Walio ndani na walale sakafuni, mbali na mlango na dirisha, na wasikimbie nje ghafula.

Basi na arudiwe yule askari wa mfano. Mzee mwenye boma amemwonyesha mlango wa jiko, na amemwambia kwamba nyuma ya jiko mtelemko umechimbwa, ukaacha ukuta wa udongo mrefu kuliko mtu. Askari amepanda juu, nje ya njia ya nyumba kubwa, akaketi chini ya mikalitusi, mgongo kwenye shina, viwiko magotini. Kutoka hapo mlango wauelekea udongo, si watoto. Koplo anaita kwa sauti, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara moja mlango unafunguka na mtu anatokeza mkono. Askari mwenye mikono ya kutetemeka angalifyatua. Huyu anatazama, na kidole chake kiko nje ya kifyatulio. Mkono unatupa bunduki matopeni. Mwizi anatoka, anapiga magoti, anafungwa pingu.

Jioni askari anarudisha silaha ghalani na kutia sahihi. Risasi alizopewa asubuhi ni 20. Risasi alizorudisha ni 20. Karani wa ghala anazihesabu, anafunga kitabu, na watoto watatu wa Masimba wanalala kwao.